Mfupa wa Kwaresima

Myamba,
29 Februari 2024

Mwanangu Beatha,

Nyumba nzima inakusalimu, hata kuku wangekusalimu kama wangekuwa na mikono ya kuandikia. Baba yako hajambo. Anakohoa asubuhi, lakini ukimtajia dawa masikio yanaziba. Mjomba wako Humphrey bado yuko Same na duka lake la vipuri pale stendi, ananenepa. Mvua imeanza kunusanusa tu, haijaamua.

Huko Sumbawanga nasikia baridi inatafuna. Lile sweta la bluu unalivaa au umelikunja sandukuni kwa sababu masista wenzako wana mazuri zaidi? Na unakula? Usinijibu "tunakula vizuri Mama," hayo ni majibu ya kumpa padri. Niandikie mmekula nini.

Samahani kwa mwandiko. Si darasa la nne langu tu, ni tangawizi. Tumeikwangua wiki mbili mfululizo, vidole vimechunika mpaka nikigusa chumvi naruka. Na simu yangu imetumbukia kwenye pipa la kuoshea hiyo hiyo tangawizi. Baba yako unamjua, simu haitaki hata kuiona. Kwa hiyo ni barua tu, kama sheria yenu inavyotaka.

Habari nyingine ni ya huzuni kidogo. Unamkumbuka Mgambo, mbwa wa jirani yetu Linus? Amekufa. Juzi Jumanne Linus alikuja mbio, "Mama Beatha, leta mkono wako, Mgambo ana mfupa!" Sista Mlezi, shikamoo, najua barua hii unaisoma kabla ya mwanangu, basi nikueleze: huku kwetu mbwa akikaa mdomo wazi, taya limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kula wala kunywa, tunasema ana mfupa, maana yake umemkwama kooni. Na mimi Mungu kaniumba na mkono mdogo kama wa mtoto. Tangu nimeolewa hapa, mbwa akipata mfupa naitwa mimi. Nimeshatoa miwili kwa mkono huu, Beatha ni shahidi, alikuwa ananishikia tochi.

Kwa Mgambo niliingiza mkono mpaka kwenye kifundo, nikazungusha, sikuupata. Nadhani alikuwa ameshaumeza. Hakunikorofisha hata kidogo, alinitazama tu kwa upole, maskini. Siku ya pili akafa. Linus amelia kama amefiwa na shemeji.

Haya mwanangu. Vaa sweta. Kalamu inaniuma vidole, naiweka chini, lakini moyo siuweki.

Mama yako,
Hedwiga

~

Nyumba ya Malezi, Sumbawanga,
18 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Msalimie na Baba, mwambie shikamoo yake ipo humu. Mimi sijambo, sweta navaa, tunakula vizuri.

Mama, tafadhali kaa chini kabla hujaendelea. Barua yako imefika juzi Jumamosi. Sista Blandina, Mlezi wetu, aliisoma kwanza kama ulivyosema, halafu akaniita ofisini. Kabla ya kuwa Mlezi alikuwa muuguzi zahanati miaka ishirini. Akaniuliza, "Huu mfupa wenu, taya huwa limeanguka?" Nikasema ndiyo. "Mate?" Ndiyo. "Maji anayataka lakini hayapiti?" Ndiyo. "Na mbwa ni mpole?" Nikasema ni mpole, tena anasikitisha. Akavua miwani. Akasema, "Beatha, huo ni kichaa cha mbwa."

Mama, mimi nilicheka. Nikamwambia Sista, kichaa tunakijua, mbwa anakimbia, anang'ata watu, anang'ata hata miti. Akasema kichaa kina sura mbili. Kimoja kinapiga kelele na kila mtu anakikimbia. Cha pili kimenyamaza, kinalegeza taya tu, na watu wanakisogelea kwa huruma. Hicho cha pili ndicho mnachokiita mfupa. Ugonjwa uko kwenye mate, na mate hayahitaji meno kuingia mwilini. Kidonda kidogo kinatosha.

Umeniandikia mwenyewe kwamba vidole vimechunika.

Anasema ugonjwa huu unaweza kulala mwilini wiki hata miezi, lakini ukishaamka, mtu akaanza kuogopa maji, hakuna daktari anayeweza kumrudisha. Kabla ya hapo mlango uko wazi, unachomwa sindano na unapona kabisa. Mama, mlango uko wazi sasa hivi, wakati unasoma.

Simu yako tumepiga siku mbili haipatikani. Tumempata mjomba Humphrey. Barua hii inakuja kwa basi mpaka dukani kwake, na yeye atapanda nayo na kukushusha hospitali. Shuka naye, Mama. Usimwambie tangawizi, usimwambie kuku. Shuka.

Mwanao,
Beatha

~

Myamba,
23 Machi 2024

Beatha mwanangu,

Salamu nyingi. Mvua imeamua. Maharage yameota vizuri, na leo nimekata matawi ya kesho, kesho ni Jumapili ya Matawi. Baba yako anakusalimu.

Mjomba wako alifika Alhamisi na barua yako, akaanza kupiga kelele tangu kwenye mgomba wa kwanza, "Dada! Dada, vaa viatu!" Majirani wakajua kuna msiba. Nimempa kande, amekula sahani mbili, amerudi Same peke yake.

Mwanangu, usinikasirikie. Sista wako ni mtu wa elimu, nami namheshimu. Lakini kichaa mimi nimekiona kwa macho. Nilikuwa msichana kule Mhezi, mbwa alipanda kutoka nyikani, akang'ata mbuzi watatu na mlango wa shule. Mlango, Beatha! Huyo ndiye kichaa. Mgambo aliniachia mkono kama mtoto anayepimwa homa. Mfupa ni mfupa. Bibi wa baba yako alikuwa anatoa mifupa, alikufa ana miaka tisini, amekufa kwa uzee.

Na tena, nikishuka hospitali nitasema nini? Kwamba mbwa wa Linus alikuwa kichaa? Linus ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, anafunga Kwaresima mpaka supu haigusi, leo nikamtangaze kijijini kuwa amefuga kichaa? Na zile sindano ishirini na moja za kitovuni, nani hazijui.

Mimi mzima. Nalala, naamka, nalima. Wewe shughulika na sala zako, umebakiza miezi kumi uweke nadhiri. Nimeshanunua kitambaa cha siku hiyo, cha zambarau, usimwambie mtu.

Mmekula nini? Hukunijibu.

Mama

~

Nyumba ya Malezi, Sumbawanga,
28 Machi 2024, Alhamisi Kuu

Mama,

Shikamoo.

Barua yako imepitia dukani kwa mjomba, naye amenisomea kwenye simu, ofisini kwa Sista, neno kwa neno. Umeandika kuhusu maharage, mlango wa shule, bibi wa Baba, na kitambaa. Kuhusu vidole vyako hukuandika hata nukta.

Kwa hiyo nimejua.

Nimemwambia Sista kwamba Pasaka ikipita na hujashuka, naomba ruhusa nije nikushushe mwenyewe. Amenieleza kwamba nikikaa nje siku nyingi huenda nikaanza mwaka wa malezi upya, au nisirudi kabisa. Nimesema nimeelewa.

Nadhiri inaweza kunisubiri, Mama. Wewe huwezi.

Beatha

~

Myamba,
8 Aprili 2024

Beatha! Beatha mwanangu!

Usije! Kaa hapo hapo ulipo! Barua yako ya Alhamisi Kuu nimeikuta kwa Humphrey wakati nimeshashuka. Umesikia? NIMESHASHUKA. Na hukunishusha wewe, wala Humphrey, wala Sista, Mungu ambariki. Ngoja nikuhadithie.

Ijumaa Kuu tumetoka kwenye Njia ya Msalaba, mguu unauma, njaa inauma, nasikia Victoria wa kule juu ananiita, "Mama Beatha! Njoo na mkono, Popi ana mfupa!"

Nikaenda. Watu wamejaa uani, kila mtu anatoa ushauri. Popi kakaa kwenye kivuli, taya chini, mate kama uzi. Victoria alikuwa ameshamtia kijiko mdomoni, mate yamemlowanisha mpaka kiwiko. Wakanipisha kama wanavyompisha padri. Nikakunja mkono wa gauni. Nimeshainama, mwanangu, nimeshanyoosha vidole, mdomo wangu ukauliza wenyewe:

"Mfupa wa nini?"

Victoria akasema, "Wa nini tena? Wa nyama."

"Nyama ya lini?"

Akatazama kijiko chake.

"Victoria, nyumba hii mmekula nyama lini?"

"Krismasi."

"Na kwa jirani?"

Jirani akasema nao Krismasi. Nikawageukia wote. "Tangu Jumatano ya Majivu nani hapa amechinja hata kuku?" Kijiji kizima tunakula kande na maharage, leo Ijumaa Kuu, Popi kapata wapi mfupa?

Linus akasema, "Labda wa panya."

Nikamwambia, "Linus, panya wa kuziba koo la mbwa ana ukubwa gani? Ana pembe?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Linus, na nikamkumbuka Mgambo. Mgambo naye alikufa ndani ya Kwaresima, kwenye nyumba ya mtu asiyegusa hata supu. Mkono wangu ulizunguka koo lile zima ukakuta mate matupu, nami nikajiambia ameumeza. Hakuwa na cha kumeza, Beatha! Nikakaa chini pale pale uani.

Sasa nakuambia nililokuficha. Siku ile ya Mgambo vidole viwili vilikuwa vinatoka damu. Niliona mate yanaingia, nikafuta kwenye kanga. Barua yako ilipofika nilijua unasema kweli tangu ukurasa wa kwanza. Niliogopa. Niliogopa sindano, niliogopa kumwaibisha Linus, na zaidi niliogopa kwamba mkono ninaosifiwa nao nchi nzima ulikuwa mkono wa mjinga.

Basi nikasimama. Nikasema, "Hakuna anayemgusa mbwa huyu. Linus, mpigie bwana mifugo. Victoria, chukua sabuni, simama bombani mpaka nikuambie toka. Kesho gari la alfajiri tunashuka sisi watatu." Linus akaanza, "Lakini mimi ni mwenyekiti..." Nikamwambia, "Mwenyekiti, ulimwosha Mgambo mdomo kwa mikono yako. Utakuwa mwenyekiti wa wapi, makaburini?" Akaenda kutafuta simu.

Hospitali muuguzi akaniuliza, "Mama, mbwa alikuuma wapi?" Nikasema, "Hakuniuma, mimi ndiye niliyemwingilia mdomoni." Alikuwa msichana mwenye adabu, akageukia dirishani kucheka. Nikageuka nikamwona Linus ameshapandisha shati mpaka kifuani, kafumba macho, kitovu nje. Yule msichana akasema, "Baba, funika tumbo, sindano ni ya begani." Kumbe zile ishirini na moja zilishaachwa zamani! Ni chache, na uchungu wake haufikii mwiba wa mkonge.

Pasaka nimeilia kwa Humphrey, mara ya kwanza kutokuwa nyumbani tangu niolewe. Nimechomwa ya pili, juzi ya tatu, imebaki moja. Popi alikufa Jumamosi ile ile. Bwana Chande wa mifugo amechukua kichwa kwenda kupima.

Sasa kichekesho. Nimerudi nyumbani, asubuhi baba yako ananiletea kikombe cha maji kitandani. Miaka ishirini na sita hajawahi. Anakaa kwenye kigoda, ananitazama nikinywa mpaka tone la mwisho, halafu anachukua kikombe anaondoka bila neno. Kesho yake tena. Nadhani Humphrey alimsomea ile barua yako, pale panaposema mtu kuogopa maji. Nami nakunywa taratiiibu, nifaidi.

Sasa niambie umekula nini.

Mama yako mzima

~

Nyumba ya Malezi, Sumbawanga,
24 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Moja kwa kila sindano, na moja naiweka kwa ile ya mwisho, ambayo mjomba amesema umeshachomwa tarehe kumi na tatu.

Nimesoma barua yako kanisani, halafu bustanini, halafu nikawasomea wenzangu tukiosha vyombo. Pale pa Linus na kitovu sahani moja imevunjika. Sista Mlezi amesema hiyo ni halali.

Msalimie Baba. Mwambie asiache kuleta maji.

Mimi sijambo, tunakula vizuri.

Mwanao mwenye furaha,
Beatha

Mama Hedwiga, mimi ni Sista Blandina. Naomba kona hii ya karatasi. Umemwuliza mwanao mara tatu amekula nini, naye kama novisi mwema hataki kukusumbua. Juma Kuu lote hakula zaidi ya uji. Begi lake lilikuwa limefungwa chini ya kitanda. Siku Humphrey alipopiga simu kusema umeketi hospitali unabishana na wauguzi, alikula ugali wake, na wa jirani yake, na akafungua begi. Umenifundisha jambo: miaka ishirini ya uuguzi sikuwahi kumwuliza mtu, "Nyama ya lini?"

~

Myamba,
17 Juni 2024

Beatha mwanangu, na Sista Mlezi,

Beatha, wewe! Uji mtupu wiki nzima! Na unaniandikia "tunakula vizuri" na mkono haukutetemeka! Umenirithi mimi, ndiyo shida. Tusamehane, lakini kuanzia leo barua isiyotaja mboga siipokei.

Sasa kaeni niwape habari. Jibu la kichwa cha Popi limerudi: kichaa. Bwana Chande alipanda nalo mwenyewe na pikipiki, akaitisha mkutano wa kijiji. Akasimama, mtu wa Tanga yule, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, akasema, "Ndugu wananchi, kuanzia leo neno mfupa tulizike. Semeni kichaa cha mbwa."

Watu wakaitika ndiyo, kama wanavyoitikia kila kitu ili waende nyumbani. Mimi nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Huo mkono hauonekani, simama." Kicheko. Nikasimama.

Nikasema, "Bwana Chande, samahani, mimi nimeishia la nne. Lakini ukizika mfupa, watu hawa watabaki na kichaa. Na kichaa wanakijua: mbio, povu, kung'ata. Siku yule mpole akija na taya lake, hakuna atakayesema kichaa. Watasema maskini, anaumwa koo, na mtu mwenye huruma atatia mkono. Mfupa usiuzike. Mfupa wanaujua mpaka watoto, wakiuona wanautaja siku hiyo hiyo. Waachie neno lao, ila wape maana yake."

Mzee Aminieli akauliza, "Na kama ni mfupa kweli?"

Nikamwambia, "Hata ukiwa mfupa wa ng'ombe mzima, mkono hauingii. Anaitwa Bwana Chande na mitambo yake. Mimi nimestaafu leo, mbele yenu."

Walipiga makofi, Beatha. Mimi, walinipigia makofi! Baba yako alikuwa amekaa nyuma, hakupiga, aliangalia chini anachezea kofia. Wewe unajua maana yake.

Bwana Chande akaenda ofisini akaandika karatasi kubwa kwa kalamu nene, imebandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji na kwenye duka la Esta. Nimeinakili:

MBWA ANA MFUPA?
USITIE MKONO. HICHO NI KICHAA KIMYA.
OSHA KWA SABUNI, SHUKA HOSPITALI LEO.

Ile mistari miwili ya mwanzo ni ya kwangu. Ya sabuni ni ya serikali.

Halafu likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kama tunavyoitwa kutengeneza barabara au kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ila safari hii badala ya jembe kila nyumba ije na mbwa. Hujawahi kuona! Mbwa mia na sitini na watatu kwenye uwanja wa shule, wengine kwenye kamba, wengine kwenye mikanda ya suruali, mmoja kabebwa mgongoni kwa kanga kama mtoto. Mtu kaja na paka, naye akachanjwa. Mzee Aminieli alisema yeye hana mbwa, kaja kutazama tu, na mbwa wake kasimama nyuma yake anatikisa mkia. Linus mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyeandika majina: Simba, Simba, Simba, Popi, Tomi, Simba.

Na mimi kazi yangu ilikuwa kufunga midomo kwa utepe wa kitambaa kabla ya sindano, maana vidole vyangu vyepesi. Huu mkono, mwanangu, miaka ishirini na sita ulikuwa unaingia. Sasa unafunga.

Juzi juzi kulitokea jambo dogo. Mbwa wa wageni waliotoka kwenye mashamba ya mkonge huko chini alikutwa njiani, taya limelegea. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mfupa!" Unajua zamani watu wangekimbilia kwake. Safari hii njia nzima ilikuwa nyeupe. Mpaka Bwana Chande anafika, hakuna aliyekuwa amemkaribia hata kwa hatua kumi. Nilisimama juu ya jiwe kando ya njia nikatazama, nikasema Mungu wangu, asante.

Maji bado yanaletwa kila asubuhi. Sindano zilikwisha Aprili, nilimwonyesha baba yako kadi ya hospitali, akaisoma, akairudisha, kesho yake kikombe kikaja.

Mboga. Usisahau.

Mama

~

Nyumba ya Malezi, Sumbawanga,
14 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Jumatatu: ugali na dagaa. Jumanne: wali, maharage, kabichi. Jumatano: ugali na mlenda, nikaongeza. Alhamisi: makande, lakini si kama yako, wanayapika wana haraka. Ijumaa: samaki kutoka ziwani. Jumamosi: viazi. Leo: kuku, na mfupa wake tumeutupa shimoni, Sista amesimama akitazama.

Ile karatasi yako nimeinakili, ipo mlangoni pa zahanati yetu. Huku hawasemi mfupa, wana jina lao. Sista amewauliza, wakamtajia, naye akaliandika hilo hilo juu kabisa. Amesema ni utaratibu wa Mama Hedwiga.

Njoo Januari na zambarau yako.

Beatha

~

Myamba,
1 Septemba 2024

Mwanangu,

Barua yako imesomwa na baba yako kwa sauti, chakula kwa chakula, kama masomo ya misa. Alipofika kwenye makande ya haraka akatikisa kichwa.

Tangawizi ya mwaka huu imeshika vizuri. Mwakani nitakwangua na glavu, Bwana Chande kanipa. Simu mpya nimenunua, naiweka mbali na pipa. Zambarau imeshonwa, imenibana kidogo kifuani, fundi anasema ni makande, mimi nasema ni furaha. Tutakuja wawili, mimi na baba yako, na Humphrey atatusindikiza mpaka Dodoma kwa sababu anadhani tutapotea.

Nina jambo moja la mwisho. Jumatano niliamka, nikajinyoosha, nikangoja kikombe changu. Jua likapanda. Jogoo akawika mpaka akachoka. Hakuna kikombe. Nikaita:

"Baba Beatha! Maji yangu yako wapi?"

Baba yako alikuwa nje ananoa panga. Hakugeuka hata. Akasema:

"Mtungi haujahama."

Nikashuka kitandani nimekasirika kweli. Nikafika kwenye mtungi, na pale juu ya ukuta nikaona mistari ya mkaa, midogo midogo, ameipanga vizuri, sijawahi kuiona kwa sababu huwa sijichotei. Nikahesabu. Inaanzia siku niliyotia mkono kwa Mgambo. Sista alisema miezi, hakusema mingapi. Yeye alijipangia sita. Ilikwisha Jumanne.

Nimecheka, Beatha, mpaka nikashika ukuta. Nikachota mwenyewe. Nikanywa vikombe viwili pale pale nimesimama, cha kwanza changu, cha pili chako.

Mama yako,
Hedwiga